Kabla ya Fulana na Bango: Vijana wa Pwani ya Kusini Wakabidhiwe Eneo na Daftari

Siku ya kupanda mikoko hufanana kila mahali, kuanzia Kilwa hadi Msimbati. Gari linafika saa nne, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anachomeka mche wa kwanza ili picha itoke vizuri, vijana wanachomeka 999 iliyobaki, soda zinanywewa, watu wanatawanyika. Mwaka unaofuata ukiuliza ni mingapi iko hai, kila mtu anamtazama mwenzake. Iliyopandwa ina hesabu yake ofisini. Iliyopona haina mwenyewe.

Mimi hapo ndipo ninapopima kama vijana wanaongoza kazi ya tabianchi au wanabebeshwa. Kijana anayeongoza ndiye aliyechagua eneo, anajua kwa nini ni lile na si la jirani, ana daftari la hesabu ya miezi 24, na ana ubavu wa kusema "hapa tusipande" hata kama miche imeshashushwa kwenye gari. Mengine yote ni kibarua kisicholipwa, na habari za "taifa la kesho" tuziache kwenye risala.

Haja ya kazi yenyewe haihitaji mahubiri. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kusini kidogo ya mpaka wetu kikaivunja Cabo Delgado ya Msumbiji, huku Mtwara ikiwa imeshafunga shule na watu wakiambiwa wahame mabondeni. Mei 2024, Hidaya kilipofika Mafia, mvua zake ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na kusini yote ikabaki kama kisiwa. Mikoko haizuii kimbunga. Inapunguza nguvu ya mawimbi, inashika udongo wa ufukwe na kulea kamba na kaa. Kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa mikoko, maana ndipo pesa na makosa mengi vinapokutana.

Ulizeni kwanza kwa nini pako wazi

Mbegu za mkoko zinaelea zenyewe kila mwaka. Kama eneo lina miti mizima ya kuzaa karibu na bado limebaki wazi, ipo sababu, na mche wenu utaikuta sababu hiyohiyo. Pengine watu wanakata. Pengine mbuzi wanapita. Pengine maji yamezuiwa na tuta la shamba la chumvi, au mchanga umefukia. Na mara nyingi sana eneo liko chini mno, yaani ni fungu la mchanga au tope ambalo mikoko haijawahi kuota tangu enzi za mababu. Wazee na akina mama wanaokusanya chaza watawaambia hilo kwa nusu saa, kabla hamjatumia shilingi.

Kosa la eneo la chini ndilo linaloua miche mingi kuliko mengine yote. Sababu yake ni ya kiofisi: tope tupu la mbele halina mwenyewe, halina mgogoro, linaonekana vizuri kwenye picha. Lakini mikoko kwa kawaida huishi sehemu inayofunikwa na maji chini ya theluthi moja ya muda wote. Ukiipeleka inakozama nusu ya siku, inakosa pumzi.

Kila aina ya mikoko ina ngazi yake ya ardhi. Mbele kabisa baharini husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, pamoja na msinzi. Juu zaidi mkandaa. Mchu ni mjeuri, unaweza kuukuta mbele na ukaukuta tena nyuma kabisa kwenye ardhi ya chumvi karibu na nchi kavu. Mradi unaopanda mkoko peke yake kila mahali kwa sababu mbegu zake ni ndefu na rahisi kushika umeshaamua kupoteza nusu ya kazi.

Kipimo cha ngazi hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mwiteni fundi ujenzi yeyote, aje na mpira wake wa maji wa kupimia levo, ule wa kuonyesha ndani, mita 15 au 20. Fungeni kila ncha kwenye fimbo iliyochorwa sentimita, jazeni maji. Fimbo moja isimame kwenye tope chini ya mti wa chini kabisa wa aina mnayotaka kupanda, uwe mti ulio hai na wenye afya. Nyingine isimame eneo lenu. Maji yakitulia, someni pande zote mbili. Kwenye mti inasoma sm 110 na kwenye eneo inasoma sm 145? Basi eneo lenu liko chini kwa sm 35, na aina hiyo haitaishi hapo. Eneo likiwa mbali kuliko mpira, hameni hatua kwa hatua mkijumlisha tofauti. Angalizo moja tu: kiputo cha hewa ndani ya mpira kinaharibu kipimo kizima, na mkiwa mmeinama juani hamtakiona. Pitisheni jicho mpira wote kila mnapohama.

Kwa wasio na mpira, pakeni chaki fimbo kadhaa, zisimikeni eneo lenu na msituni kabla ya maji kujaa, kisha pimeni maji yameosha chaki hadi urefu gani. Siku iwe moja, bamvua (maji makubwa ya mwezi) lilelile, lasivyo mnalinganisha mbingu na ardhi. Na pasiwe na upepo mkali. Wimbi linaosha juu kuliko maji yenyewe.

Jingine: msipande juu ya nyasi za baharini. Pale kuna samaki wadogo, kuna pweza, kuna riziki ya mama fulani. Kuharibu mazingira moja ili kutengeneza mengine ni hasara, hata ukiivalisha fulana ya kijani.

Matuta ya chumvi

Pwani hii ina mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Ni misitu ya mikoko iliyokatwa, ikazungushiwa matuta, ikatumika, ikatelekezwa. Ndani mwake maji ya bamvua yanaingia kidogo, yanakwama, yanakauka, chumvi inazidi hadi udongo unakuwa mweupe. Ukipanda humo, miche inaungua kwa chumvi ndani ya wiki chache.

Dawa yake ni koleo. Tafuteni ulipokuwa mlango wa mkondo wa zamani. Huonekana kama bonde jembamba nje ya tuta, au wazee watauonyesha. Hapo ndipo pa kukata. Tuta lenye kimo cha mita 1.2, upana wa mita 3 chini na mita 1 juu, lina eneo la mita za mraba 2.4 ukilikata kwa upande. Mkifungua mlango wa mita 4, mnatoa mita za ujazo 9.6. Mtu mmoja kwenye tope bichi atatoa kama mita za ujazo moja na nusu kwa siku, kwa hiyo watu saba wanaimaliza kwa siku moja. Linganisheni na kupanda hekta moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja: miche 10,000. Maji yakishaingia na kutoka yenyewe, chumvi inaoshwa na mbegu zinakuja bila kualikwa, ilimradi kuna miti ya kuzaa karibu. Subirini msimu mmoja au miwili ndipo mpande pale palipobaki mapengo.

Udongo mliochimba msiuache kandokando ya mlango. Mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Utawanyeni mbali, na mkate hadi usawa wa mkondo wa nje; mkiacha kizingiti cha hata sm 20, maji yatabaki ndani kama zamani na mtasema njia haifai.

Kabla ya koleo, karatasi. Shamba la chumvi lililoachwa linaweza kuwa bado lina mwenyewe mwenye kibali, akarudi siku mlango umeshafunguliwa. Na mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali kuu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata ile iliyo mbele ya nyumba ya bibi yako. Hata kupanda, pelekeni barua. Kwa vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, barua nyingine iende kwa hifadhi. Hapa pia ndipo pa kuzima ndoto za haraka za fedha za kaboni, yaani malipo ya msitu kunyonya hewa ukaa: msitu si wenu kisheria, na msimwahidi mtu yeyote kijijini hela ya hewa ukaa kwa sababu mlisikia redioni.

Mkono wa kupanda

Mbegu ya mkoko huwa tayari pale inapotokea pete ya manjano kati ya tunda na ile sehemu ndefu ya kijani, na ukiigusa inaachia. Mkiivuta kwa nguvu ikiwa bado pete haijatokea, mmechuma mtoto wa miezi saba. Tupeni zenye matundu ya wadudu na zilizovunjika ncha. Ziwekeni kivulini siku chache zikifunikwa gunia bichi: kaa hupenda mbegu mbichi kabisa, zikinyauka kidogo hamu inawapungua. Chomekeni theluthi moja tu topeni, ncha kali chini. Kuna watu hupanda kichwa chini, na mche huo haufi siku ileile, hivyo hamtajua hadi mwezi wa pili.

Mchu unataka kitalu. Mbegu zake ziloweke usiku mmoja ganda litoke, zipandwe kwenye viriba vyenye udongo wa mikokoni, kitalu kikae pale bamvua linapofika, miezi mitatu au minne. Wakati wa kupanda, kiriba kitolewe na kirudi nyumbani. Nimesema kirudi: hesabuni viriba vinavyotoka na vinavyorudi, maana plastiki 2,000 zilizozikwa topeni nazo ni taarifa ya mradi.

Miche ikianza kufa, maiti yenyewe inaeleza. Vikombe vidogo vyeupe vigumu vilivyoganda shinani, kama vile vinavyoganda chini ya mashua, maana yake mmepanda chini mno. Shina limekatwa safi juu ya tope, ni kaa. Majani ya mchu yameliwa juujuu na kuna samadi, mmemjua. Mche umelala upande mmoja na umefunikwa na mwani na takataka, ni wimbi, na msirudishe mwingine palepale. Majani ya manjano yenye kingo zilizoungua, ni chumvi. Nendeni mkaangalie maji yanakwama wapi.

Kalenda ya vijana wenyewe

Hapa miradi mingi inakwama kimyakimya. Aliyeandika mpango hakuwahi kuuliza kijana wa Mtwara anafanya nini Oktoba. Anaokota korosho, hivyo ndivyo anafanya, hadi Desemba na wengine Januari. Juni hadi Agosti yuko shambani anapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mvua za msimu zikianza Novemba au Desemba kuna kulima, kisha palizi. Dirisha la kupanda mikoko linabaki Machi na Aprili: mvua bado inapunguza chumvi topeni, palizi imepungua, na mche unapata wiki kadhaa za kushika mizizi kabla upepo wa kusi haujaanza kupiga. Angalieni na Ramadhani inapoangukia. Kusimama topeni saa nne juani na saumu si jambo la kumpangia mtu kutoka ofisini.

Ndani ya mwezi kuna kalenda nyingine, ya maji. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwenye pwani yetu siku hizo maji hupwa asubuhi kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi. Sasa wavuvi wa dagaa hutafuta giza, kwa sababu taa yao haifai kitu kwenye mbalamwezi. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu vijana wa dagaa wako nchi kavu na tope liko wazi asubuhi. Hizo ndizo siku zenu: asubuhi topeni, alasiri kikao. Kikao kinachoitwa wakati wa giza kinapata wazee na wanafunzi, halafu tunasikia kwamba vijana hawana mwamko.

Mkutano mkuu na muhtasari

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unapaswa kuitwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Huko ndiko eneo linakopewa ulinzi, si kwenye semina. Mwombeni mtendaji ajenda kabla tangazo halijabandikwa; jambo linaloletwa kwenye "mengineyo" jioni, watu wameshasimama, limezikwa. Ombi liwe fupi na lenye vipimo: eneo fulani, kutoka mkondo huu hadi mti ule, hekta ngapi, lisiingizwe mifugo wala kukatwa kwa miezi 24, kikundi kitaleta hesabu kila mkutano wa robo mwaka. Msiombe "ushirikiano". Ushirikiano watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani.

Kisha dai moja ambalo vijana huona aibu kulidai: nakala ya muhtasari, yenye namba ya ajenda na muhuri. Mwenyekiti anaweza kubadilika, mtendaji anahamishwa, na bila karatasi mnaanza upya kumweleza mgeni. Mkitaka faini kwa mwenye mbuzi, njia ni sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kabla ya hapo faini yoyote mnayomtoza mtu ni ugomvi tu. Na mwenye mbuzi mfuateni nyumbani kwanza, na shikamoo. Mara nyingi anahitaji kuonyeshwa njia nyingine ya kwenda kwenye maji.

Ukifika miaka 21 unaweza kugombea halmashauri ya kijiji yenyewe, yenye wajumbe 15 hadi 25. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024, na kipindi ni miaka mitano. Kijana mwenye daftari la mikutano minane ya robo mwaka hahitaji kampeni ndefu.

Pesa

Kwa ufupi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo. Mkoko hauzai marejesho, kwa hiyo msikope kwa ajili ya kupanda. Kopeni kwa kitu kinachouzwa na kinachohitaji msitu usimame, kama mizinga ya nyuki (mchu una maua wanayoyapenda) au kunenepesha kaa, na muanze na kidogo hadi mjue wanakufa kwa nini. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, wote wanachama. Mlezi wa kikundi asiwe mmoja wao, hata awe mwema kiasi gani. Pasipo hilo mna kikundi cha mlezi, nanyi ni majina yake. Na yule "kijana" wa miaka 50 aliyebaki kwenye kila kamati ya vijana tangu simu za kubonyeza apewe heshima zake na kiti cha ushauri.

Daftari

Daftari gumu la mistari, kalamu ya risasi kwa sababu wino unakimbia ukilowa. Wawekaji kumbukumbu wawili, mmoja wao binti, na asiwe amewekwa kwa sababu ana mwandiko mzuri tu; yeye ndiye anayesoma hesabu mbele ya mkutano.

Wekeni viwanja vinne vya mita 10 kwa 10, vilivyotawanyika, si vile vinne vilivyopendeza. Kwa nafasi ya mita moja kila kiwanja kina miche 100, hivyo hesabu ni asilimia moja kwa moja. Hesabuni mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24. Tuseme mmepata 72, 65, 8 na 70. Wastani ni kama asilimia 54, na ripoti ya mradi itaandika hivyo na kufurahi. Ninyi nendeni mkasimame kwenye kile cha 8. Pelekeni na mpira wa maji. Kikiwa chini kwa sm 25 kuliko vingine, mmejua kosa, na mwakani sehemu ile yote inaachwa. Wastani usingewaambia.

Ukurasa mwingine ni wa mvua. Chupa ya lita moja na nusu iliyonyooka, kata juu, geuza kichwa kiwe kama faneli, weka changarawe chini, jaza maji hadi mahali chupa inapoanza kuwa sawa na upige mstari: hapo ni sifuri. Ifungwe kwenye nguzo, mbali na mti au paa mara mbili ya urefu wake. Soma kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba, kisha punguza hadi sifuri. Jua likikausha chini ya mstari, ongeza. Mkiwa na misimu mitatu ya namba zenu, mtausikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa masikio mengine, na mkulima wa korosho atakuja kuwauliza ninyi.

Picha zipigwe kutoka kigingi kilekile, mkielekea upande uleule, kila siku ya kuhesabu, na zitumwe kwenye simu tatu siku hiyohiyo. Kigingi huwa kinaibwa kuni. Chagueni mti mkubwa wa karibu, pimeni mita kutoka shina lake hadi kigingi na upande wa kuelekea, muandike ndani ya jalada la mbele la daftari, na nakala ibaki kwa mtendaji.